Habari ya Ngozi Ilegeayo

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo watu hawalisemi sana, nalo ni ngozi ya mwili inapolegea na kukunjamana kwa sababu ya miaka mingi. Habari ya mvi watu huisema, tena huisema kwa kicheko. Na habari ya magoti yaumayo kila mzee huisema asubuhi kabla hajaulizwa. Lakini ngozi iliyoning'inia mkononi, au tumboni mwa mama aliyezaa watoto wanane, au shingoni pa mzee aliyekuwa mtu mnene zamani, hiyo hufunikwa kwa nguo na kunyamaziwa. Wako mabibi wasiokubali tena kuogeshwa na binti zao, kwa kuwa hawataki kuonekana. Wako wazee wenye kidonda chini ya titi au kwenye kinena ambao hukaa nacho mwezi mzima wala hawamwambii mtu. Kwa ajili ya hao twaandika, na kwa ajili ya walio nyumbani pamoja nao.

Kwanza yafaa tujue ngozi ni kitu gani. Ina tabaka mbili kubwa, na chini yake ni mafuta. Tabaka ya juu ni nyembamba kama karatasi, nayo hufa na kuzaliwa upya sikuzote. Kwa kijana hujigeuza yote kwa muda wa kama mwezi mmoja, na kwa mzee hukawia zaidi. Tabaka iliyo chini yake ni nene, ndiyo yenye nguvu, na ndani yake mna nyuzi za namna mbili. Za kwanza huitwa kolajeni. Aliyewahi kulala juu ya kitanda cha kamba ataelewa upesi kazi yake: kitanda kipya kamba zake zimekazwa, humchukua mtu bila kubonyea, hata miaka ikipita kamba hulegea, nyingine hukatika, na katikati ya kitanda hufanya shimo. Nyuzi za pili huitwa elastini, nazo ni kama mpira. Uvute ngozi ya mkono wa mtoto na kuiacha, hurudi mahali pake mara moja. Uivute ya bibi yake, hukaa imesimama kitambo kama nguo iliyokunjwa.

Tangu mtu apitapo miaka ishirini na kitu, mwili huanza kupunguza kidogo kidogo kazi ya kutengeneza kolajeni, na elastini ikiisha kuharibika hairudi kuwa kama ya kwanza. Mwanamke akikoma kupata siku zake, ngozi yake hupungua unene kwa haraka zaidi katika miaka michache inayofuata. Pamoja na hayo mafuta yaliyo chini ya ngozi ya uso na mikono hupungua, na misuli hupungua, hata mifupa ya taya hupungua. Basi nguo ni ile ile, lakini mwenye kuivaa amekuwa mdogo ndani yake.

Walakini si miaka peke yake. Mtu akitaka ushahidi, na atazame ngozi ya nyuma ya kiganja chake, kisha aitazame ngozi ya upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa. Mkono ni mmoja na umri ni mmoja. Ila sehemu moja imeliona jua kila siku la kulima na kuvua, na nyingine haikuliona. Sisi watu weusi tumepewa katika ngozi zetu rangi iitwayo melanini, ambayo ni kama kivuli cha mwembe, na kwa hiyo makunyanzi hutujia kwa kuchelewa kuliko watu weupe. Lakini kivuli cha mwembe nacho hupenyeza jua. Ndugu zetu waliozaliwa na ualbino hawana kivuli hicho, au wanacho kidogo mno. Ngozi zao huzeeka wangali vijana, na wengi hupata saratani ya ngozi mapema sana. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kilifunguliwa mwaka 1992 chuo cha kuwafundisha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hao. Kwetu sisi wengine kofia pana na mikono mirefu ya shati vyatosha, ijapokuwa vijana hucheka kofia pana.

Tumbaku nayo tusiisahau. Moshi wake hubana mishipa midogo ya damu iliyo ngozini na kuharibu zile nyuzi tulizozitaja, hata mvutaji wa miaka mingi huonekana mzee kuliko ndugu yake aliyezaliwa kabla yake.

Sasa watu watauliza, Dawa yake ni nini? Hapa yatupasa kusema kweli, maana madukani uongo ni mwingi. Hakuna mafuta ya kopo wala ya chupa yawezayo kukaza ngozi iliyokwisha kuning'inia. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, hata mafuta ya ghali yenye picha ya msichana juu ya kifuniko, yote hufanya kazi moja: huzuia maji ya ngozi yasikauke. Hiyo ni kazi njema, wala hatuidharau. Ngozi iliyo laini haiwashi wala haipasuki. Lakini kukaza haiwezi. Iko dawa ya jamii ya vitamini A, waganga huiita tretinoini, ambayo imeonekana kupunguza makunyanzi madogo ya uso ikipakwa kwa miezi mingi. Nayo huchoma ngozi, haipakwi na mwanamke mwenye mimba, wala haiwezi kitu kwa tumbo au mkono uliolegea. Ngozi iliyozidi huondolewa kwa kisu cha daktari tu. Kazi hiyo yatendeka, tena huwasaidia sana watu waliopungua unene mwingi hata ngozi ya tumbo ikawashukia mapajani na kuwazuia kutembea. Lakini huacha kovu refu, na gharama yake ni kubwa kwa nyumba nyingi.

Kuliko mafuta yasiyofaa kitu, yako mafuta yenye kuangamiza. Twasema yale ya kujichubua. Mama aonaye uso wake umekunjamana na kuwa na madoa huambiwa sokoni, Paka hii, utarudi kuwa msichana. Ndani yake mara nyingi mna mojawapo ya vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu mafigo. Mataifa yalipatana katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kwamba mafuta ya kupaka yenye zebaki yaondolewe sokoni ifikapo mwaka 2020, na hata hivyo yangali yakiuzwa kwa siri. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila mganga yaweza kuugeuza uso kuwa wa bluu na mweusi, na weusi huo hauondoki. Cha tatu ni steroidi kali, kama klobetasoli. Hii ni dawa njema mkononi mwa daktari. Lakini ikipakwa mwili mzima kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika kwa kuguswa, na michirizi ikatokea. Angalia basi hasara yake: mama alikuwa na ngozi iliyolegea, akanunua dawa ya kuilegeza zaidi! Waganga wa kupasua wanajua habari hii, maana ngozi iliyochubuliwa ni kazi ngumu kuishona, na kidonda chake hukawia kupona. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilianza kuyakusanya mafuta hayo madukani kwa nguvu. Twaona serikali hiyo ilitenda vema.

Sasa tuseme habari ya kumwogesha mzee, na hapa tutakawia kidogo, maana ndipo penye faida.

Wengi hudhani mzee akioga mara nyingi kwa sabuni nyingi ndipo atakuwa safi. Sivyo. Ngozi ya uzee hutoa mafuta machache, na sabuni kali huyaondoa hata hayo machache. Baadaye huwasha usiku kucha, mzee hujikuna, na kucha huacha vidonda. Maji na yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni itumike kwapani, kinenani, makalioni na miguuni. Mahali pengine maji peke yake yatosha siku nyingi. Dodoki gumu liwekwe mbali. Mwili ukiwa bado na unyevu kidogo, upakwe mafuta ya nazi au mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Tena kucha za mzee zikatwe, na za mwenye kumwogesha vilevile.

Mahali pa kuangaliwa zaidi ni mikunjo: chini ya matiti, chini ya tumbo, kinenani, na katikati ya vidole vya miguu. Huko ngozi hukaa juu ya ngozi, jasho halikauki, na kuvu huota kama iotavyo ukutani wakati wa masika. Kwanza huwa wekundu au weusi wenye kung'aa, halafu huwasha, halafu hunuka na kupasuka. Inua mkunjo kwa upole, osha, ukaushe kwa kitambaa laini kwa kugusa-gusa, usisugue. Kisha weka kipande cha nguo safi ya pamba kati ya ngozi na ngozi, ukibadili kila kinapolowa. Poda nyingi haifai, maana hulowa jasho na kuwa kama uji. Ikiwa pamekwisha kuwa na ugonjwa, dawa ya kuvu kutoka zahanati huponya kwa majuma machache, na bei yake si kubwa. Twajua kwamba mabibi wengi wameumia miaka kwa ajili ya kidonda ambacho kingepona kwa dawa hiyo.

Lakini mzee akiwashwa sana usiku, na wengine wa nyumba wakiwashwa pia, hasa katikati ya vidole na kiunoni, huo si uzee. Huenda ni upele. Hapo hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, na nguo na matandiko hufuliwa kwa maji ya moto au kuanikwa juani.

Ngozi ya mzee huchanika upesi. Agongapo mguu wa kitanda, au mtu amshikapo mkono kwa nguvu ili kumwinua, kipande cha ngozi huinuka kama ganda la kitunguu. Basi msikikate kipande hicho. Oshani kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kirudisheni mahali pake polepole kwa kitambaa safi kilicholowa, funikeni kwa shashi iliyopakwa mafuta safi ya mgando, kisha fungeni bendeji bila kukaza. Plasta ya kunata isiwekwe juu ya ngozi hiyo, kwa kuwa itakapobanduliwa itachukua na ngozi nyingine. Majivu, mafuta ya taa na mavi ya ng'ombe yasiwekwe kamwe. Halafu mzee apelekwe zahanati, na aulizwe kama amepata sindano ya pepopunda. Na mwinuapo mzee, msimvute mikono. Mshikeni mgongoni na chini ya mapaja.

Asiyeweza kujigeuza kitandani na ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili mchana, na usiku kadiri mwezavyo, ili asipate vidonda vya kulalia. Tazameni visigino, nyonga, na mfupa wa chini ya mgongo. Pahali palipobadilika rangi au penye joto msipasugue kama desturi ya wengi, bali pasilaliwe tena mpaka papone.

Kuhusu chakula twasema machache. Katika nyumba nyingi mzee humwachia mjukuu kipande chake cha samaki, yeye akanywa chai na mkate. Ni upendo, lakini ngozi na misuli havijengwi kwa chai. Kama meno hayapo, maharage na yapondwe, dagaa wasagwe na kutiwa katika uji, yai lichemshwe. Tena kiu ya mzee hupungua, hata mwili wake wakosa maji naye hana habari. Apewe maji kwa saa zake, asingoje kuomba. Wauguzi hufundishwa kuvuta ngozi ili kujua kama mtu amepungukiwa na maji, lakini kwa mzee alama hiyo hudanganya, maana ngozi yake husimama hata akiwa ameshiba maji. Tazama ulimi wake na rangi ya mkojo.

Na mwili utumike. Ngozi haikazwi kwa mazoezi, lakini misuli iliyo chini yake yaweza kurudi, nayo huishika ngozi na kumzuia mtu asianguke. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, waliandika habari ya wazee kumi wenye umri wa miaka kama 90, waliofundishwa kuinua uzito kwa miguu yao kwa majuma 8; nguvu za miguu yao zilizidi kuwa mara mbili. Kwetu si lazima vyombo vya chuma. Kuinuka kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, pasipo kushika kitu kama mtu aweza, ni mwanzo mzuri.

Imebaki habari ya haya, ambayo pengine ni ngumu kuliko yote. Desturi zetu hazimruhusu kila mtu kuuona mwili wa mzee. Mkwe hawezi, na mwana wa kiume huona vibaya kumwogesha mama yake. Lakini mababu zetu walituachia mlango mmoja, nao ni utani wa bibi na mjukuu. Msichana aweza kusema, "Shikamoo bibi, maji yamepata moto, twende kuoga, mke mwenzangu," na bibi atacheka na kwenda, ambaye angalimkatalia binti yake mwenyewe. Utani huo usivuke mpaka ukawa dhihaka juu ya ngozi yake. Yuko katika Kitabu cha pili cha Samweli mzee Barzilai, mwenye miaka themanini, aliyealikwa na Daudi akae katika nyumba ya kifalme. Yeye alimwambia mfalme waziwazi kwamba ulimi wake hauonji tena vizuri na masikio yake hayasikii tena waimbaji, akaomba arudi mjini kwake. Alisema habari za mwili wake mbele ya mfalme bila kuinamisha uso, na mfalme akambusu na kumbariki. Nyumbani mwa Mkristo mzee na aweze kusema hivyo hivyo, "Mwanangu, nina kidonda hapa," naye asione kicheko wala kukunjwa pua. Na waume tunawakumbusha: mwili wa mke wako umelegea kwa kuwabeba watoto wako. Neno moja la mzaha mbele ya wageni hukaa moyoni mwake miaka.

Liko jambo kubwa zaidi, nalo twaliandika kwa huzuni. Katika nchi ya Usukuma, sehemu za Shinyanga na Mwanza na nyingine za jirani, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga miaka mingi, kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Na alama waliyohukumiwa kwayo ni ngozi iliyokunjamana na macho mekundu. Kilifi, katika pwani ya Kenya, wazee wa kiume wameuawa kwa ajili ya mvi zao. Ukichunguza sana, mara nyingi nyuma ya neno la uchawi utakuta shamba, au urithi, au mtoto aliyekufa kwa homa ambayo haikupelekwa hospitali. Macho mekundu hutokana na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe ambao bibi ameuvuta jikoni tangu usichana wake. Makunyanzi yametokana na jua la shamba ambalo wote hula mazao yake.

Walimu, kazi hii ni yenu kwa sehemu kubwa. Mtoto aliyefundishwa darasani kwa nini ngozi ya bibi hukunjamana, akavuta ngozi ya mkono wake mwenyewe na kuona jinsi irudivyo, hatakubali upesi neno la mpiga ramli. Katika mafundisho ya ubatizo pia yasemwe wazi, kwa majina yake, wala yasipitwe kwa sababu wazee wa mtaa wamekaa hapo. Na ikiwa yuko bibi anayeishi peke yake na watu wameanza kunong'ona, msingoje. Mwende kwake mchana, watu wakiona, mle chakula chake, na habari apelekewe mwenyekiti wa kijiji na polisi. Vijana wa kanisa waweza kumtengenezea jiko lenye bomba la kutoa moshi, au kumhamishia meko chini ya kibanda kilicho wazi.

Mwisho, ziko dalili zisizoitwa uzee. Mtu ambaye ngozi yake imelegea kwa miezi miwili au mitatu tu kwa kuwa amekonda ghafula, hasa akiwa na kikohozi, au kiu na mkojo mwingi, au chakula kikimshinda kumeza, na apelekwe hospitali. Huenda ni kifua kikuu, au kisukari, au saratani. Kidonda kisichopona kwa majuma manne kionyeshwe kwa mganga. Tena nyayo zitazamwe kila juma, mchana, karibu na dirisha, maana kwa watu weusi ile saratani mbaya ya ngozi ianzayo kama doa jeusi hupenda kutokea huko, chini ya mguu au chini ya ukucha, na mzee asiyeweza kuinama hawezi kuuona unyayo wake mwenyewe.